Ekzosi ya Bomba la Kitanda

Ekzosi ya pikipiki yangu ilioza kwa chini, mahali ambapo huoni mpaka upige magoti. Niliisikia kabla ya kuiona. Mwanzoni ilikuwa kama mtu anayepumua kwa mafua, halafu siku moja nikipanda kilima cha kuingia Kaisho na abiria na mkungu wake wa ndizi, tundu likapasuka na moshi ukaanza kunichoma mguuni. Niliziba kwa bati la kopo la rangi na waya wa kufungia nondo. Kiraka hicho hakikumaliza wiki.

Rubwera kuna duka la vipuri ambako ekzosi mpya ilikuwa imening'inizwa juu ya kaunta, inang'aa kama sufuria la harusi. Nilitajiwa bei, nikasema ahsante, nikatoka. Mwingine angekaa, angetania, angeapa kwamba jana kaka yake kanunua hapohapo kwa nusu. Mimi siwezi. Tangu shule ya msingi maneno yananijia vizuri nikiwa peke yangu, watu wakinitazama yanakwama kooni. Kijiweni wenzangu waliniita bubu. Basi likifika wao wanakimbilia mlango, wanamshika abiria begi, wanamwita mama, shangazi, bosi. Mimi nabaki juu ya pikipiki yangu nikisubiri yule aliyewakataa wote.

Kilichonilisha hasa yalikuwa maziwa. Kila asubuhi nilipanda hadi kwenye boma la mzee mmoja mfugaji, juu ya migomba na mashamba ya kahawa, nikapokea madumu ya maziwa na kuyashusha Rubwera kwa mfanyabiashara mwenye mgahawa, mtu wa kanzu na barakashia ambaye babu zake walitoka pwani. Yeye alichemsha, akauza chai na mtindi kwa watumishi wa ofisini. Kazi ile ilinifaa kwa sababu haikuhitaji kuongea. Asubuhi nasema shikamoo, napokea, nashusha, nasema shikamoo nyingine.

Mzee yule wazazi wake walivuka kutoka Rwanda zamani, na ng'ombe kwake hawakuwa mali tu. Wakati wa kukamua hakuna aliyepaza sauti kwenye lile boma. Hata mke wake akitaka kuita mtu alitoka mpaka nje ya ua ndipo aite. Macho ya mzee yalikuwa yameshachoka, hakukamua tena mwenyewe; alikaa kwenye kigoda na fimbo magotini akisikiliza maziwa yanavyoingia kwenye chombo. Kwa kusikiliza alijua ni ng'ombe yupi na ametoa kiasi gani. Aliyekamua alikuwa mchungaji wake, mtu mzima mwenye watoto Burundi, alikotoka pia mama yangu.

Mimi nilikuwa nasimama kando ya ua mpaka wamalize. Asubuhi moja mzee alimuuliza mchungaji kama yule kijana wa maziwa ameshafika. Akaambiwa yupo hapa muda mrefu. Mzee akacheka.

"Huyu anaingia hapa kama mtu anayechelewa kanisani," akasema. Kisha akanyoosha fimbo kumwelekea ng'ombe mmoja mwenye mimba ya kwanza, mwekundu, pembe zake bado fupi. "Mwanangu, huyu akizaa jike, ndama ni wako."

Nilisema ahsante mzee. Sauti haikutoka vizuri lakini alisikia.

Ni lazima nieleze maana ya ndama kwetu. Mama yangu amelima migomba ya watu tangu nikiwa mgongoni kwake. Yake mwenyewe ipo nyuma ya nyumba, michache, myembamba, inazaa mikungu ambayo majirani wanaitazama kwa huruma. Mgomba bila samadi hauendi mbali, na samadi ni ya mwenye ng'ombe. Kila mwaka mama anaomba samadi kwa watu, na kila anayempa anamkumbusha. Nilipomwambia habari ya ndama aliacha kumenya ndizi, akakaa na kisu mkononi. Kesho yake nilimkuta amechimba mashimo ya miti ya zizi.

Lakini kwa watu wale ahadi ya asubuhi bado haijawa ng'ombe. Ndama akishazaliwa, anayepewa lazima aje na watu wake wawili watatu na dumu la rubisi, pombe ya ndizi iliyoiva vizuri, majirani wakae, naye asimame mbele yao ashukuru. Aseme amepewa nini, na nani, na atamtunza vipi. Baada ya hapo ndama ni wako hata kama bado ananyonya zizini kwa mwenyewe. Kabla ya hapo ni maneno tu.

Ng'ombe alizaa jike. Mzee alinipa habari mwenyewe, akasema nije na watu wangu nitakapokuwa tayari. Nilishaweka hela ya rubisi kwenye kopo. Kilichonishinda ni kule kusimama. Nilifanya mazoezi barabarani. Nikiwa na madumu nyuma na upepo usoni nilishukuru vizuri sana, kwa sauti, mpaka watu waliokuwa wanapalilia kahawa wakanyanyuka kunitazama. Jumapili ikifika nikasema ijayo. Ijayo ikifika nikasema mvua.

Ndipo ekzosi ikapasuka.

Bila pikipiki hakuna maziwa, na bila maziwa nisingekuwa na sababu ya kukanyaga kwenye boma lile. Kwa hiyo hela ya rubisi nikaipeleka kwa fundi wa kuchomelea pale Kaisho.

Fundi aliiangalia ekzosi yangu, akaigonga kwa nyundo, kutu ikamwagika chini kama pumba.

"Mdogo wangu, hii ni maiti," akasema. "Unaitembeza tu badala ya kuizika."

Nilimwambia nina kiasi gani. Akacheka, lakini si kwa ubaya. Akaenda nyuma ya banda akarudi na bomba la kitanda, kile kitanda cha chuma cha ghorofa cha shule za bweni. Akasema wanafunzi wamelilalia bomba hili miaka, limezoea kelele. Alikata kwa grenda, akalipinda kidogo kwa moto, akakata kipande cha ekzosi ya zamani kilichokuwa bado kizima upande wa injini, akaunga. Nilimuuliza kuhusu vile vibati vya ndani, vinavyozungusha moshi na kupunguza sauti. Aliinua miwani yake ya kuchomelea.

"Hivyo ni kazi ya siku nzima na bati zuri. Kelele nakupa bure. Ukitaka kimya, hicho unalipia."

Nikamwambia afunge hivyohivyo.

Alipoiwasha, kuku wa jirani walikimbia na mtoto akalia. Kijiweni walisimama wote. Mmoja akasema, "Jamani, bubu amepata mdomo." Walicheka mpaka wakashikana mabega, nami nikacheka nao, na sitadanganya, nilifurahi. Kwa mara ya kwanza watu walijua nimefika bila mimi kufanya kitu. Abiria walianza kuniita: niitieni yule wa mlio. Mama alinisikia nikiwa bado ng'ambo ya bonde akapakua chakula, nikifika nakuta ndizi na maharage bado vinatoa mvuke. Alisema hapendi mlio ule, lakini akazoea kuusikiliza.

Kuhusu ng'ombe nataka niseme kwa utaratibu, kwa sababu utaratibu ndio uliopotea siku ile.

Yule ng'ombe alianza kusumbua kabla ya bomba la kitanda. Tangu wiki ya kwanza alipiga mateke, akabana maziwa, hata ndama akiletwa kumchokoza bado alitoa kidogo. Mchungaji alimwambia mzee kwamba ni woga wa uzazi wa kwanza. Nilimwona mimi mwenyewe huyo mchungaji akikamua, chuchu moja akairuka. Nilidhani ndivyo inavyofanywa.

Nilipokuja na mlio, asubuhi ya kwanza ng'ombe wote waliinua vichwa. Mzee naye aliinua kichwa. Sikuweza kueleza chochote, nikasimama tu kando ya ua. Alimaliza kusikiliza maziwa, kisha akaniuliza kwa upole kama pikipiki inaumwa. Nikasema imepona, mzee. Akasema basi siku nyingine niizime kule chini mtoni.

Niliizima kule chini mtoni. Kuanzia siku ile nilisukuma pikipiki kutoka mtoni hadi bomani, asubuhi zote, mvua na jua, matope yakiwa mpaka kwenye ringi. Pia nilijaribu kuinyamazisha. Nilinunua stili waya, zile za kusugulia masufuria, nikazikunja nikazisokomeza ndani ya bomba, mdomoni nikafunga kifuniko cha kopo nilichokitoboa kwa msumari. Sauti ilipungua, na nguvu pia. Pikipiki ilipanda kilima kama mtu mwenye pumu. Siku ya nne au ya tano kifuniko kilichomoka kule barabara ya Rubwera, na stili waya zikatoka nyekundu za moto, zikatua kwenye majani makavu ya migomba ya watu. Nilizikanyagakanyaga huku mwenye shamba akinitukana. Sikujaribu tena. Nilirudi kusukuma.

Na ng'ombe hakutoa. Injini imezimwa mtoni, mimi nimesimama na jasho, boma limenyamaza kama kawaida, na bado anabana. Maziwa yake yalipungua mpaka hayakufunika kitako cha chombo. Asubuhi moja tukimimina maziwa kwenye madumu, mzee akiwa ameingia ndani, mchungaji aliniambia bila kuniangalia:

"Si wewe. Ile chuchu imevimba, ina jiwe ndani tangu alipozaa. Nilidhani itaisha yenyewe. Bwana mdogo, usinitaje. Ananifukuza leo hii, na kule kwetu wananisubiri."

Nikamwambia sitamtaja. Kumwahidi mtu kwamba utakaa kimya ni kitu nilichokiweza bila mazoezi.

Mzee alikuwa na mtoto wa kiume mtumishi pale Rubwera, mtu wa shati la kuchomekea, aliyependa kuja nyumbani mwisho wa wiki kukagua. Mimi aliniita wewe wa maziwa. Alimpenda yule ndama tangu siku ya kwanza kumwona; nilimsikia akisema kwa simu kwamba amepata kitu kizuri kwa ajili ya rafiki yake wa ofisini, mtu anayejenga na mwenye eneo. Nilisikia nikajifanya nafunga kamba za madumu. Nilijiambia mzee ameshatamka.

Jumapili niliyoamua kwenda kushukuru, mama alikuwa ametengeneza rubisi mwenyewe. Aliomba ndizi za pombe kwa watu aliowalimia, akazivundika, akakamua, akalipa kwa vibarua ambavyo alikuwa bado hajavifanya. Tulikwenda watu watatu, mama, mjomba wa jirani ambaye alikubali kunisindikiza kwa sababu ya pombe, na mimi. Pikipiki niliiacha nyumbani. Tulitembea.

Tuliwakuta majirani wa mzee wamekaa uani, na mtoto wa mzee amekaa karibu na baba yake. Mchungaji alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi. Tukaamkia, tukakaribishwa, dumu likapokelewa lakini halikufunguliwa. Hapo nilijua kuna kitu.

Mtoto wa mzee ndiye aliyeanza. Aliongea vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alisema ng'ombe yule alikuwa tegemeo la zizi, uzao mzuri, sasa amekauka kabisa, ndama anapewa maziwa ya ng'ombe wengine. Alisema kijiji kizima kinaujua mlio wa pikipiki fulani, hata yeye akiwa Rubwera anausikia ukija. Watu wakacheka kidogo. Alisema kuna vijana wanachukua pikipiki nzima wanaiharibu kwa makusudi ili waonekane. Halafu akageukia wazee waliokuwepo.

"Niulizeni mimi nisiyejua mila. Mtu anakausha mama, halafu anapewa mtoto?"

Mama yangu alinitazama. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, ile ya barabarani, nayo ilikuwa ya kushukuru, haikuwa na neno hata moja la kujitetea. Nilitafuta pa kuanzia. Nikaona chuchu ile, nikaona mchungaji anavyotazama vidole vya miguu yake, nikaona watoto wake ambao sijawahi kuwaona. Nikataka kusema nilikuwa naizima mtoni. Hilo tu lingetosha kuanzia. Nazima mtoni, nasukuma, niulizeni wanaonikuta njiani.

Mzee aligeuza uso upande niliokuwa nimekaa. Alingoja. Sidhani kama mtu amewahi kuningoja muda mrefu hivyo.

"Sema, mwanangu," akasema. "Nakusikiliza."

Nilisimama. Mdomo wangu ulifunguka, na najua ulifunguka kwa sababu upepo uliingia. Kisha nikakaa.

Mama ndiye aliyesema. Alisema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, akachanganya na Kirundi, kwamba mwanawe anarudi kila siku na matope hadi magotini kwa kusukuma chuma. Mtoto wa mzee alimjibu kwa heshima kwamba shangazi, hakuna mama anayemsema vibaya mwanawe. Watu wakacheka tena, na mjomba wa jirani alikuwa mmoja wao.

Mzee alipiga fimbo chini mara moja, wakanyamaza. Alisema kama kijana hana la kusema, yeye atafanya nini. Alisema dumu letu tulirudishe, maana haifai kunywa pombe ya shukrani ambayo haikushukuru kitu. Alisema kazi ya maziwa iendelee, hana kinyongo. Nilipoinama kuchukua dumu mkono wake uligusa kichwa changu, sijui kama alikusudia.

Njiani mama hakunilaumu. Mjomba wa jirani alifungua dumu pale njiani akanywa, akasema rubisi ni nzuri, ni hasara kuirudisha hivihivi.

Nimeendelea kuchukua maziwa. Watu wananiuliza kwa nini, na wanaouliza hivyo wana ng'ombe. Mchungaji alianza kunijazia kikombe cha maziwa kila asubuhi kabla ya kupima, nami nilikinywa kwa haraka, bila kumtazama. Mashimo ya mama yalijaa maji ya mvua, baadaye akapanda humo maboga.

Ndama alipokuwa na nguvu ya kusafiri, mzee aliniita. Alisema mtoto wake anataka apelekwe Rubwera kwa yule rafiki, gari la kukodi ni ghali kwa mnyama mmoja mdogo, na mimi ndiye ninayejua njia na mizigo. Hakuwa na ubaya alipoliomba hilo. Nadhani kwake ilikuwa njia ya kunipa nauli. Nikasema sawa mzee.

Mchungaji alimfunga miguu kwa kamba laini, tukamwingiza kwenye gunia, kichwa nje, tukamlaza nyuma ya kiti changu juu ya majani ya migomba. Kichwa chake kilining'inia upande wa kulia, upande wa ekzosi. Nilitaka kumgeuza. Mchungaji akasema akigeuzwa ataanguka, mwache. Nilisukuma pikipiki mpaka mtoni kwa mazoea, naye juu yake, kisha nikaiwasha.

Nilingoja apige mateke. Kiukweli nilitaka apige mateke. Ningejua basi kwamba yule mtu wa shati alisema kweli, kwamba niliharibu kwa mkono wangu mwenyewe, na jambo lingeishia hapo. Bomba la kitanda lilinguruma sentimita chache kutoka sikioni mwake, na yeye akatikisa sikio mara moja kama anafukuza inzi. Kwenye kilima niliongeza moto mpaka watoto wa barabarani wakaziba masikio. Nikageuka. Alikuwa anacheua, au anajifunza kucheua, macho nusu yamefumba. Tulipofika barabara kubwa alikuwa amelala, taya lake limeegemea paja langu, mate yake yakilowesha suruali.

Njia nzima hakuna aliyeliona hilo. Nilipishana na basi, na mabodaboda wa kwetu, mmoja akanipungia. Ningeweza kusimama nikamwambia tazama. Nikampungia nami.

Rubwera mwenye eneo alinifungulia geti mwenyewe, simu sikioni, akaniashiria niingie mpaka kwenye banda jipya la mbao. Nilizima injini. Kimya kilipoingia ghafla, ndama alishtuka, akafumbua macho na kuanza kuhangaika ndani ya gunia, akipiga miguu iliyofungwa.

Mtu yule alikata simu akasogea, akamtazama, akaitazama ekzosi yangu.

"Kumbe ndiyo hii," akasema. "Nimeambiwa. Ona ulivyomtisha mtoto wa watu."

Nilikuwa nimeinama kufungua kamba. Fundo lilikuwa limebana kwa sababu ya kuvutwa, nikalifungua polepole kwa meno.